Kuchimba Katika Mwamba wa Goma: Choo, Mtaro wa Bomba na Swali la Maji ya Shinikizo

Wenye viwanja wa Goma, wawe wa Ndosho, Majengo au Katoyi, hurudia swali lile lile kila wanapotaka kujenga choo, kulaza bomba la maji au kuweka msingi wa nyumba: mwamba huu mweusi utachimbwaje bila kumeza fedha yote ya ujenzi kabla jiwe la kwanza halijawekwa? Swali hilo hufuatwa na jingine, linalotoka kwa waliowahi kuona kwenye simu malori ya nchi za baridi yakikata udongo kwa maji na kuunyonya kwa bomba nene, nao huuliza kama mashine ya namna hiyo isingemaliza taabu ya Goma kwa siku moja. Makala hii inayajibu maswali hayo mawili kwa pamoja, na msimamo wake ni kwamba mchimbaji stadi wa Goma hutambulika kwa uchache wa mwamba anaouvunja: hupima hewa, husoma matabaka, hupanua pale asipoweza kushuka, na huinua juu ya ardhi kile ambacho wengine huhangaika kukizika.

Kilicho chini ya miguu

Mji wa Goma uko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, kwenye ukingo wa kaskazini wa Ziwa Kivu, chini ya volkano ya Nyiragongo inayofikia mita 3,470 hivi. Volkano hiyo ilimwaga lava, yaani mwamba ulioyeyuka, kuelekea mji tarehe 10 Januari 1977, 17 Januari 2002 na 22 Mei 2021. Mwaka 2002 lava ilipita kwenye uwanja wa ndege na katikati ya mji hadi ikaingia ziwani, na mwaka 2021 ilisimama Buhene, kwenye ukingo wa kaskazini. Chini ya mimiminiko hiyo ipo mingine ya kale zaidi, na kwa sababu hiyo anayechimba Goma hukutana na tabaka juu ya tabaka, kila moja likiwa na tabia yake.

Mmiminiko mmoja, ukikatwa wima, kwa kawaida huonyesha sehemu hizi kutoka juu kwenda chini:

- Gamba: vipande vilivyovunjika au utando wenye mikunjo, uliojaa matundu ya mapovu ya gesi, ambao hung'oka kwa sururu na mtaimbo.
- Kiini: mwamba mzito uliopoa polepole, ambao ndio unaovunja nyundo na mioyo ya watu, ingawa nao umepasuliwa na nyufa zilizotokea ulipokuwa ukipoa na kusinyaa.
- Kitako: vipande vya mwamba visivyoshikana, vinavyomwagika ovyo vikiguswa.
- Tabaka la chini: majivu ya volkano au udongo wa zamani uliounguzwa na lava iliyoufunika, laini kiasi cha kuchimbika kwa jembe.

Katika sehemu nyingi za mji zilizofunikwa mwaka 2002, unene wa mmiminiko ni mita moja hadi tatu, na hivyo mtu anayesimamisha kazi baada ya kupigana na kiini kwa wiki nzima huenda amebakisha kipande kifupi tu kabla ya kufikia tabaka laini. Huenda pia amebakisha mita moja na nusu. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni fedha nyingi, na hujulikana kwa kuuliza na kupima mapema, jambo linaloelezwa mbele.

Kwenye lava ya mwaka 2021 upande wa Buhene na Kibati, tahadhari ya ziada inahitajika, kwa kuwa kiini kinene hutunza joto muda mrefu baada ya gamba kupoa, na mvuke unaotoka kwenye nyufa baada ya mvua ni dalili kwamba mahali hapo hapajawa tayari kwa shimo lolote.

Hewa kwanza, nyundo baadaye

Hatari kubwa kuliko zote katika mashimo ya Goma haina rangi wala harufu. Ukanda wa kaskazini mwa ziwa, kati ya Goma na Sake, hasa kuelekea Bulengo na Mugunga, una mahali ambapo gesi ya kaboni dioksidi hupanda kutoka ardhini kupitia nyufa na kutuama mabondeni, na wenyeji huziita sehemu hizo mazuku. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, hivyo hujaza shimo kutoka chini kwenda juu kama maji yajazavyo ndoo, na hukusanyika zaidi usiku na alfajiri, wakati upepo umetulia. Shimo jipya, hata likiwa nje ya mahali panapojulikana kuwa na mazuku, huweza kufungua ufa uliokuwa umezibwa na majivu kwa miaka mingi.

Msomaji anaweza kupinga kwamba baba yake alichimba vyoo vitatu bila kupima chochote na bado yu hai. Hoja hiyo haisaidii, kwa kuwa gesi hubadilika kutoka kiwanja hadi kiwanja, na katika kiwanja kimoja hubadilika kutoka saa hadi saa.

Taratibu zinazopasa kufuatwa ni hizi:

1. Kabla ya kuanza, majirani na wazee wa mtaa waulizwe kama wanyama wadogo, ndege au wadudu waliwahi kukutwa wamekufa mahali hapo, na kama kuna kibonde ambacho majani yake hunyauka bila sababu. Mahali palipo na shaka, ushauri utafutwe kwa wataalamu wa OVG, kituo cha Goma kinachochunguza volkano.
2. Hewa ya shimo ipimwe kila asubuhi, na tena baada ya kila mapumziko, kwa kuteremsha kipimo kwa kamba hadi chini.
3. Kipimo kiwe kile kinachosoma kaboni dioksidi yenyewe. Vipimo vingi vya mkononi husoma oksijeni na gesi nyingine tatu ambamo kaboni dioksidi haimo, na kengele ya oksijeni kwa kawaida hulia inaposhuka chini ya asilimia 19.5; hadi kufikia hapo, kaboni dioksidi iliyoisukuma oksijeni huwa imekwisha kufika asilimia 7 hivi, ilhali asilimia 4 tu huhesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai.
4. Shimo linalozidi kimo cha kiuno lisiingiwe na mtu asiyefungwa kamba mwilini, na juu yake wasikosekane watu wawili wenye nguvu za kumvuta.
5. Mashine yoyote yenye injini, iwe pampu au jenereta, isiteremshwe shimoni kamwe, kwa kuwa moshi wake una gesi nyingine inayoua, nayo ni kaboni monoksidi.

Kuhusu mshumaa unaoteremshwa shimoni ili kuona kama utazimika, desturi hiyo ina kasoro mbili. Mwali huweza kuendelea kuwaka katika kiwango cha kaboni dioksidi kinachotosha kumpotezea mtu fahamu, na mahali penye gesi inayoshika moto mshumaa wenyewe ndio unaoleta mlipuko. Mshumaa ukizimika, kuna hatari. Ukiendelea kuwaka, hakuna kilichothibitishwa.

Kosa linaloua wengi ni huruma. Mchimbaji akianguka shimoni, mwenzake huruka kumwokoa, kisha wa tatu huwafuata, na msiba mmoja hugeuka kuwa misiba mitatu. Aliye chini avutwe kwa kamba aliyofungwa tangu mwanzo. Kama hakufungwa, hewa safi ipulizwe shimoni kwa feni na mpira mrefu, na mtu yeyote asishuke kabla kipimo hakijaruhusu.

Kukisoma kiwanja kabla ya kulipa

Uchunguzi wa siku mbili huokoa wiki kadhaa za nyundo, nao hauhitaji mhandisi kwa kila hatua.

- Mashimo ya majirani yatazamwe kwanza. Choo kilichochimbwa hatua thelathini kutoka hapo kinaeleza unene wa kiini kuliko makisio yoyote, na aliyekichimba kwa kawaida yupo na anakumbuka.
- Ardhi igongwe kwa mtaimbo kwa mistari, kila hatua moja. Mlio mkavu na mkali huashiria kiini. Mlio wa kishindo kizito chenye mwangwi huashiria uwazi chini yake, na mahali hapo pawekewe alama.
- Mashimo madogo ya majaribio, yenye upana wa kutosha mtu kupiga nyundo, yachimbwe katika pembe mbili au tatu za kiwanja, kwa kuwa mara nyingi kiini huwa kinene upande mmoja na chembamba upande mwingine.
- Nyufa zichorwe kwenye karatasi: zinaelekea wapi, zina upana gani, na zimejaa nini.
- Mabomba na nyaya zitafutwe. Mabomba mengi ya maji hupita juujuu Goma, wakati mwingine wazi kabisa juu ya lava, na yale yaliyofukiwa kidogo ndiyo hupigwa na sururu mara nyingi zaidi.

Jambo moja halikuwa la lazima katika makala za ujenzi za zamani, lakini sasa haliwezi kuachwa. Baada ya mapigano ya Sake, Mugunga na yale yaliyofika mjini Januari 2025, mabomu na makombora ambayo hayakulipuka yamebaki ardhini na vichakani. Chuma chochote chenye umbo la chupa, yai au bomba lenye mapezi kinachoonekana wakati wa kusafisha kiwanja kisiguswe, kisisogezwe na wala kisipigwe jiwe. Kazi isimame, watoto waondolewe, mahali pawekewe alama inayoonekana, na viongozi wa mtaa wajulishwe ili wataalamu wa kutegua mabomu waitwe.

Je, maji ya shinikizo yanafaa?

Uchimbaji kwa maji ya shinikizo ni kazi ya mashine yenye sehemu mbili: pampu inayorusha maji kupitia mdomo mwembamba kwa nguvu ya kulegeza udongo, na bomba pana linalonyonya tope linalotokea na kulipeleka kwenye tangi la lori. Sababu kubwa ya kuitumia ni usalama, kwa kuwa maji hufunua bomba la gesi au waya wa umeme bila kuukata kama jino la mashine ya chuma. Kanada, ambako ardhi huganda wakati wa baridi hadi ikawa ngumu kama saruji, maji hayo hupashwa moto kwanza ili yayeyushe barafu iliyo udongoni.

Goma haina ardhi iliyoganda. Hata usiku wa baridi kali huko Kibati hauifikishi ardhi kwenye kuganda, na ugumu wake ni wa mwamba wenyewe, ambao maji ya moto hayauyeyushi. Mashine za aina hii hufanya kazi kwa shinikizo la mara 150 hadi 200 ya lile la hewa ya kawaida, ilhali mwamba mzito wa volkano huhimili mara elfu moja na zaidi kabla ya kuvunjika. Maji yatausafisha mwamba ukang'aa, nao utabaki palepale.

Kuna pia hesabu ya maji yenyewe. Pampu ikitumia lita 30 kwa dakika, saa moja itakula lita 1,800, yaani bidoni 90 za lita 20, katika mji ambamo familia nyingi hununua maji kwa bidoni au huyabeba kutoka ziwani kwa chukudu, kipando cha mbao cha magurudumu mawili. Mwenye kiwanja kilicho mbali na ziwa atakuwa akinunua maji ili kuosha jiwe.

Hata hivyo, kuyakataa maji kabisa ni kosa la upande wa pili. Kuna mahali panne ambapo pampu ndogo ya shinikizo, hata ile ya kuoshea magari, hulipa gharama yake:

- Kusafisha nyufa zilizojaa majivu, ili tindo au kabari ya chuma iingie hadi ndani na kulipasua jiwe pale linapotaka kupasuka.
- Kufunua bomba au waya uliofukiwa katika majivu au kifusi laini, pale ambapo sururu ingetoboa.
- Kulegeza tabaka la udongo ulioungua chini ya kiini, kwa sharti kwamba tope litolewe mara kwa mara kwa ndoo na kamba.
- Kuzuia vumbi wakati wa kutoboa mwamba, kwa kuwa vumbi laini la mawe huharibu mapafu ya anayelivuta miaka mingi.

Maji yasitumike kulegeza kitako cha vipande visivyoshikana chini ya bamba la mwamba lililobaki likining'inia. Vipande vikishaondoka, bamba halina kinacholishikilia, na litamwangukia aliye chini yake. Wala maji yasirushwe karibu na msingi wa nyumba ya jirani, kwa sababu yakishaingia katika nyufa hakuna awezaye kusema yatatokea wapi.

Njia za kuupasua mwamba, na ipi ichaguliwe

*Nyundo, kabari na mtaimbo.* Hii bado ndiyo njia ya kwanza, na katika viwanja vingi inatosha. Ufundi wake uko katika kuanzia kwenye ufa na kufungua upande mmoja ulio wazi, ili kila jiwe linalofuata lipate pa kuangukia. Wanaoanza kupiga katikati ya bamba zima hupoteza nguvu, kwa kuwa jiwe lililobanwa pande zote halina pa kwenda. Miwani ya kinga ni ya lazima, kwani kipande cha kiini huruka kikiwa na makali ya kioo.

*Nyundo ya mashine.* Inayotumia umeme au hewa iliyoshinikizwa huongeza kasi sana kwenye kiini kinene, lakini mtikisiko wake huhamia kwenye kuta za jirani zilizojengwa kwa mawe na mota dhaifu, ambazo nyingi tayari zilipata nyufa katika mitetemeko ya Mei 2021. Picha za kuta hizo zipigwe mbele ya mwenye nyumba kabla ya kuanza, ili ugomvi wa baadaye upungue.

*Unga wa kupasulia.* Huu ni unga wa jamii ya saruji unaochanganywa na maji, ukamiminwa katika matundu yaliyotobolewa kwenye mwamba, nao huvimba polepole na kuupasua bila mlipuko, kwa kawaida katika muda wa saa 12 hadi 24, na baridi ikizidi huchukua muda mrefu zaidi. Njia hii inafaa mahali penye nyumba zilizobanana kama Birere, ingawa inahitaji chombo cha kutobolea na fundi mwenye subira. Makosa yanayojirudia ni matatu: kununua unga wa nchi za joto kali kwa mji wenye wastani wa nyuzi 20 hivi, au kinyume chake, kutoboa matundu yaliyo mbali mno, na kuchungulia tundu muda mfupi baada ya kumimina, wakati unga huweza kuruka ghafla na kuunguza macho.

*Moto na maji baridi.* Kuupasha mwamba moto kisha kuumwagia maji ni desturi ya wachimba madini wa kale katika sehemu nyingi za dunia, na hupasua gamba la juu. Ndani ya shimo haifai: moto hula hewa, huacha gesi mbaya, na matairi yanayotumiwa badala ya kuni hutoa moshi wa sumu kwa mtaa mzima.

*Baruti.* Ni kazi ya wenye kibali cha serikali peke yao. Hakuna choo cha nyumbani kinachostahili baruti.

Choo: kupanda badala ya kushuka

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na hapa ndipo ushauri huu unasisitiza zaidi. Mwezi Julai 1994, wakimbizi mamia ya maelfu kutoka Rwanda walipomiminika Goma, mwamba ulizuia kuchimbwa kwa vyoo na hata makaburi, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu ya watu katika wiki chache. Funzo walilolipata wahandisi wa vyoo siku zile, kwamba mahali pa mwamba choo hujengwa juu, lilibaki kambini na halikuingia vya kutosha katika viwanja vya wenyeji, ambako bado mtu huona haya kuwa na choo cha ngazi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Shimo la mita 1.5 kwa 1.5 lenye kina cha mita 3 lina mita za ujazo 6.75, na kwa mwamba wa tani mbili na nusu kwa kila mita ya ujazo, kinachopaswa kupandishwa juu kwa ndoo ni karibu tani 17. Uchafu wa choo kikavu hujaza wastani wa lita 40 hadi 60 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Familia ya watu 8 basi huweka lita 480 kwa mwaka kwa kiwango cha juu. Shimo lenye upana ule ule, lililochimbwa mita moja tu na kuinuliwa kwa ukuta wa mawe wa sentimita 80 juu ya ardhi, huku nusu mita ya juu ikiachwa tupu, hubaki na nafasi ya mita za ujazo 2.9 hivi, inayotosha familia hiyo miaka sita, na mwamba uliovunjwa ni theluthi moja ya ule wa kwanza.

Ujenzi wake uzingatie haya:

- Ukuta wa kuinulia ujengwe kwa mawe yaliyotoka shimoni humo na kupigwa lipu ndani na nje, ili nzi na maji machafu visipenye.
- Mlango wa kutolea uchafu uachwe nyuma ya ukuta, ukizibwa kwa bamba la zege linaloweza kuondolewa.
- Nafasi ikiruhusu, vyumba viwili vijengwe ubavuni mwa kimoja na kingine, kimoja kitumike hadi kijae kisha kifungwe kwa mwaka mmoja au miwili wakati kingine kinatumika. Uchafu uliokaa hivyo huondolewa kwa hatari ndogo zaidi.
- Ngazi ziwe na mshikizo, kwa ajili ya wazee, wajawazito na watoto.
- Maji ya mvua ya paa yaelekezwe mbali na choo.

Wapo watakaosema kwamba choo kirefu hakijai maisha yote. Goma, choo kisichojaa mara nyingi ni choo kinachovuja, na hilo linahitaji kifungu chake.

Fosi septiki, shimo la kunyonya na pango la bure

Fosi septiki ni tangi lililozibwa ambamo uchafu mzito hutulia na maji hupita, na shimo la kunyonya ni lile linalopokea maji hayo ili yapotelee ardhini. Katika udongo wa kawaida, ardhi huyachuja maji hayo polepole. Lava haichuji: nyufa zake huyapitisha kama mfereji, na kwa kuwa uwanda wa Goma karibu hauna mito ya juu, mvua na maji machafu vyote hushuka ardhini na kuelekea kwenye chemchemi za ukingoni na ziwani, yaani huko huko mji unakopata maji yake. Kanuni ya kuacha mita 30 kati ya choo na chanzo cha maji iliwekwa kwa ajili ya udongo, na mahali pa nyufa pana haitoshi.

- Shimo la kunyonya linalomeza kila kitu kwa haraka lisisifiwe. Lijazwe chini tabaka nene la mchanga na majivu ya volkano, ili maji yacheleweshwe kabla ya kufikia nyufa.
- Tangi lenyewe lijaribiwe kwa maji safi kwa siku nzima kabla ya kutumiwa; kina kikishuka, kuna ufa.
- Mchimbaji akitoboka ghafla kwenye pango, ambalo ni njia iliyopitiwa na lava ya majimaji ikabaki tupu, kazi isimame na hewa ipimwe upya. Kuligeuza pango hilo kuwa choo cha bure ni kishawishi kikubwa, na matokeo yake ni uchafu kutokea kwa jirani wa chini, paa la pango kubomoka, au gesi kupanda kupitia tundu la choo hadi chumbani.

Mtaro wa bomba

Kanada bomba la maji huzikwa kina kirefu, sehemu nyingine mita mbili na zaidi, ili lisigande; Goma sababu hiyo haipo, na anayemlipa mchimbaji kwa mtaro wa mita moja katika kiini cha lava analipia hofu ya nchi nyingine. Sentimita 30 hadi 40 hutosha mahali pa miguu, na pale magari yanapopita bomba lifunikwe kwa bamba la zege.

Kinachoharibu mabomba ya plastiki hapa ni ncha kali za mwamba na jua. Chini ya bomba na pande zake iwekwe mchanga au majivu yaliyochekechwa, unene wa sentimita 10, na kifusi chenye mawe kirudi juu ya tabaka hilo tu. Bomba lijazwe maji na kupimwa shinikizo kabla ya kufukiwa, kwa sababu Goma uvujaji hauonyeshi dimbwi: maji hupotelea katika nyufa, na mwenye nyumba huugundua kwa bili au kwa bomba kukauka.

Makubaliano na wachimbaji

Malipo ya kila siku humfanya mchimbaji asiogope kiini, bali akipende. Malipo ya mkupuo humfanya akimbie akikikuta. Njia iliyo ya haki zaidi ni bei ya mita ya ujazo kwa kila aina ya tabaka, gamba na kifusi bei moja, kiini bei nyingine, zikiandikwa mbele ya shahidi baada ya mashimo ya majaribio na kabla ya nyundo ya kwanza. Mkataba utaje pia:

- nani ananunua au kunoa tindo na mitaimbo;
- nani analeta kipimo cha hewa, kamba na miwani, na kwamba mchimbaji ana haki ya kukataa kushuka bila kupunguziwa malipo;
- vipimo vya shimo vinachukuliwa wapi, kwa kuwa jiwe likivunjwa huvimba kwa karibu nusu ya ujazo wake, na anayepima kifusi badala ya shimo huzidisha bili;
- mawe ni ya nani. Mawe makubwa hufaa kwa msingi na ukuta, madogo hununuliwa na wanawake wanaoyavunja kuwa kokoto, na rundo lililosahauliwa katika mkataba huondoka usiku kwa chukudu;
- sehemu gani ya malipo inabaki mkononi mwa mwenye kiwanja hadi tangi lijazwe maji, likae siku nzima na kina kisishuke.